Barua za mapendekezo kwa anayeomba ubingwa wa radiolojia Marekani: hatua kwa hatua

Msimu wa maombi ukikaribia, maswali huwa ni yale yale. Barua ngapi? Lazima zote zitoke kwa madaktari wa radiolojia? Nimwombe profesa mwenye jina aliyeniona siku mbili, au daktari asiyejulikana niliyefanya naye kazi mwezi mzima? Niachie haki ya kuisoma barua au nibaki nayo? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia miezi kadhaa kabla ya mfumo kufunguliwa hadi barua inapofika kwenye programu, yaani hospitali au chuo kinachotoa mafunzo ya ubingwa. Umeandikwa kwa yeyote anayeomba kupitia ERAS, mfumo wa maombi unaoendeshwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya tiba vya Marekani, awe anasoma Marekani au amehitimu nje ya nchi hiyo.

Shika jambo moja kwanza, maana mengine yote yanatoka hapo: barua yenye nguvu huandikwa na mtu aliyekuona ukifanya kazi. Katika radiolojia hilo ni gumu kuliko katika fani nyingi. Mwanafunzi aliyeko upasuaji hushona vidonda, aliyeko tiba ya ndani huwa na wagonjwa wake anaowafuatilia kila asubuhi. Wewe utaketi nyuma ya bingwa ukitazama skrini. Unaweza kumaliza wiki nne nzima humo ndani na asiwepo mtu hata mmoja anayejua unavyofikiri. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujamwomba mtu barua.

Tangu Januari 2022, matokeo ya USMLE Step 1, hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, hutolewa kama kufaulu au kutofaulu tu, bila alama. Wakurugenzi wa programu wamebaki na vitu vichache vya kupimia, na barua ni mojawapo.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti ya MyERAS. Kwa msimu husika hufunguliwa mwanzoni mwa Juni. Waliohitimu nje ya Marekani huanzia ECFMG, taasisi inayothibitisha vyeti vya madaktari waliosoma nje, ili kupata namba ya kufungulia.
- Wasifu wa ukurasa mmoja au miwili, wa karibuni.
- Rasimu ya insha binafsi, hata kama haijakamilika.
- Orodha ya madaktari uliofanya nao kazi, pamoja na tarehe na idara.
- Daftari la matukio. Kila siku ya mzunguko wa kliniki, andika mstari mmoja au miwili juu ya ulichofanya. Usiandike jina la mgonjwa wala chochote kinachomtambulisha.
- Orodha ya awali ya programu unazotaka kuomba, pamoja na masharti ya barua ya kila moja.

Hatua ya 1: Jua idadi na aina ya barua unazohitaji

ERAS inakuruhusu kuweka barua nyingi kadiri utakavyo kwenye akaunti yako, lakini kila programu unaweza kuipelekea zisizozidi nne. Programu nyingi za radiolojia hutaka tatu. Tathmini ya mkuu wa chuo, yaani MSPE, haihesabiwi kati ya hizo nne.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa anayeomba radiolojia ya uchunguzi ni barua moja au mbili kutoka kwa mabingwa wa radiolojia, moja au mbili kutoka kwa madaktari wa tiba ya ndani, upasuaji, watoto au dharura, na kama umefanya utafiti wa maana, ya msimamizi wako wa utafiti inaweza kuwa ya nne. Unayeomba radiolojia ya tiba, ile ya kuingiza vifaa mwilini kwa kuongozwa na picha, hakikisha angalau mwandishi mmoja anatoka huko huko.

Barua za madaktari wa wodini usizidharau. Daktari wa tiba ya ndani aliyekuona ukipokea mgonjwa usiku, ukamchunguza, ukakosea utambuzi na kuurekebisha asubuhi, ana mengi ya kusema kukuhusu kuliko bingwa wa radiolojia uliyeketi naye alasiri tatu. Wakurugenzi wa radiolojia wanazisoma barua hizo kwa makini, kwa kuwa wanatafuta daktari kamili, siyo mtazamaji wa picha.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika. Mafunzo ya radiolojia ya uchunguzi huchukua miaka mitano: mmoja wa kliniki, kisha minne ya radiolojia. Programu nyingi huanzia mwaka wa pili, hivyo mwaka wa kwanza unauomba kando, katika tiba ya ndani, upasuaji au programu ya mpito. Huko nako wanataka barua. Baadhi ya programu za mwaka mmoja wa tiba ya ndani hutaka barua ya mkuu wa idara ya tiba ya ndani, na kuipata huchukua muda. Soma masharti mapema, programu moja baada ya nyingine.

Hatua ya 2: Jenga nafasi ya kuonekana

Hii ndiyo hatua nzito. Uifanye miezi mitatu hadi sita kabla ya kuomba barua.

Omba kukaa na bingwa mmoja au wawili kwa siku nyingi, badala ya kuzungushwa kila siku kwa mtu mpya. Ratiba za radiolojia hugawanywa kwa sehemu za mwili na aina za picha: leo kifua, kesho mifupa, keshokutwa ultrasaundi. Ukiifuata ratiba hiyo bila kusema neno, utamaliza mwezi umeonwa na mabingwa kumi na hakuna anayekukumbuka. Mwendee mratibu wa mzunguko siku ya kwanza, mweleze kwamba unaomba radiolojia na ungependa kurudi kwa bingwa yule yule kila nafasi inapopatikana.

Halafu jipe kazi ndani ya chumba cha kusomea picha. Tuseme limekuja ombi la CT ya tumbo, na sababu iliyoandikwa ni “maumivu ya tumbo” basi. Wakati bingwa anamalizia ripoti iliyotangulia, fungua faili la mgonjwa. Unakuta alipasuliwa tumbo miaka kadhaa nyuma, amekuwa akitapika tangu jana, na hajapata choo. Unamwambia bingwa kwa sentensi mbili: “Huyu aliwahi kupasuliwa, anatapika. Huenda utumbo umeziba kwa sababu ya makovu ya ndani.” Sasa bingwa anaifungua picha akijua anatafuta mahali utumbo uliotanuka unapokutana na uliosinyaa. Umemsaidia kazi, na umeonesha unavyofikiri, bila kujikweza hata kidogo.

Mambo mengine yanayokuweka machoni pa bingwa kwa njia ya haki:

- Omba ruhusa ya kusoma picha peke yako kwanza na kuandika maoni yako, kisha mlinganishe. Ukikosea ni faida, mradi kosa hilo lisijirudie wiki inayofuata.
- Daktari wa wodi akipiga simu kuuliza kipimo kipi kinafaa, tafuta jibu katika mwongozo wa Chuo cha Radiolojia cha Marekani, ACR, unaopanga vipimo kwa kufaa kwake katika kila hali ya mgonjwa. Mletee bingwa ulichokikuta.
- Ingia kwenye ultrasaundi na ushike kifaa mwenyewe. Huko ndiko bingwa atakuona pia ukizungumza na mgonjwa.
- Jitolee kuwasilisha kisa kimoja kwenye kikao cha idara. Dakika kumi zilizoandaliwa vizuri hukumbukwa.
- Fuatilia matokeo. Uvimbe uliokatwa sampuli wiki iliyopita, majibu ya patholojia yakitoka, mpelekee bingwa aliyeisoma picha. Hakuna bingwa wa radiolojia asiyependa kujua kama alipatia.

Tahadhari: kuuliza maswali mfululizo wakati mtu anasoma picha humkera na humpotezea umakini. Yaandike, uulize anapofunga ripoti.

Hatua ya 3: Chagua waandishi

Kwa kila jina ulilonalo, jiulize: mtu huyu anaweza kusimulia matukio mawili aliyoniona nikifanya? Kama hawezi, mwache, hata awe mkuu wa idara. Linganisha sentensi hizi mbili za barua.

Ya kwanza: “Ni mwanafunzi mwenye bidii, anafika kwa wakati, na ninampendekeza.”

Ya pili: “Katika CT ya shingo iliyoombwa kwa sababu nyingine, aliona kivimbe kidogo kwenye kilele cha pafu kabla sijafika kwenye picha hiyo. Alitafuta picha za zamani bila kuambiwa, akanionesha kwamba miaka miwili nyuma hakikuwepo.”

Sentensi ya kwanza inaweza kuandikwa juu ya mtu yeyote, na msomaji mzoefu huichukua kama njia ya heshima ya kusema “simjui”. Ya pili inajibu swali analolibeba kila mkurugenzi: nikimwacha huyu zamuni usiku, nitalala? Kanuni za ACGME, chombo kinachosimamia ubora wa mafunzo ya ubingwa Marekani, zinataka mwanafunzi wa ubingwa awe amemaliza angalau miezi 12 ya radiolojia ya uchunguzi kabla ya kukabidhiwa zamu ya kujitegemea hospitalini. Baada ya hapo, usiku wa manane, jicho lake ndilo linalotegemewa. Barua inayoonesha umakini, kukubali kusahihishwa na kujua wakati wa kumpigia mkubwa simu ina uzito kuliko sifa tupu za akili nyingi.

Mwenye jina kubwa ambaye pia anakujua vizuri, huyo shika kwa mikono miwili. Ukilazimika kuchagua kati ya jina na kukujua, chagua kukujua. Uliyehitimu nje, tafuta angalau mwandishi mmoja, na ikiwezekana zaidi, aliyekusimamia ndani ya Marekani. Wakurugenzi wanataka kujua kama umeshaona jinsi hospitali za huko zinavyofanya kazi.

Hatua ya 4: Omba

Wakati mzuri ni wiki ya mwisho ya mzunguko, bado anakukumbuka. Usingoje Septemba. Kama umefanya naye kazi Februari, mwombe Februari hiyo hiyo, hata kama mfumo bado haujafunguliwa. Ataandika sasa na kupakia baadaye. Mwisho wa kuomba uwe Julai, tena kwa kuchelewa.

Omba uso kwa uso ukiweza, kisha fuatisha barua pepe. Muhimu ni namna ya kuuliza. Ukisema “unaweza kuniandikia barua?”, wengi watakubali kwa adabu tu. Uliza hivi, kwa Kiingereza chako:

“Daktari, ninashukuru kwa mwezi huu. Ninaomba ubingwa wa radiolojia msimu ujao. Kwa jinsi ulivyoniona nikifanya kazi, unadhani unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu? Kama muda haukutosha, nitaelewa kabisa.”

Sentensi ya mwisho inamwachia nafasi ya kukataa bila aibu, na hiyo ni kinga kwako. Akisita, akisema “naweza kuandika kitu”, au akikuelekeza kwa mwingine, mshukuru na uachie hapo.

Hatua ya 5: Mpe vifaa vya kuandikia

Ndani ya siku mbili baada ya kukubali, mtumie barua pepe moja yenye wasifu, rasimu ya insha, picha yako ndogo ili akukumbuke, tarehe mlizofanya kazi pamoja, tarehe unayotaka barua iwe imepakiwa, na matukio matatu au manne kutoka kwenye daftari lako aliyoyashuhudia mwenyewe. Mengine usiyaweke, hawezi kushuhudia asichokiona.

Kama una doa kwenye rekodi, mfano uliwahi kurudia mtihani au kusimama masomo mwaka mmoja, mwambie. Mficha uchi hazai. Mwandishi anayelijua doa lako anaweza kueleza alivyokuona ukifanya kazi baada yake, na maneno hayo yana thamani yakitoka kwa mwingine kuliko kwako.

Mkumbushe pia kwa upole kwamba barua iwe kwenye karatasi rasmi ya hospitali au chuo, iwe na tarehe na saini, na isianze kwa jina la programu moja, kwa sababu itasomwa na nyingi.

Hatua ya 6: Fungua nafasi ya barua ndani ya MyERAS

1. Ingia sehemu ya barua za mapendekezo, ongeza mwandishi: jina, cheo, taasisi, barua pepe. Kagua herufi za anwani mara mbili.
2. Jibu swali la kuachia haki ya kuisoma barua. Achia. FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu rekodi za wanafunzi, inakupa haki hiyo, lakini barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huaminiwa kidogo, na mwandishi mwenyewe huandika akijizuia.
3. Kagua kila kitu kisha thibitisha.
4. Toa fomu ya ombi la barua. Ina namba ya barua na maelekezo ya kupakia. Mtumie mwandishi fomu hiyo.
5. Mwandishi, au katibu aliyemteua, huipakia kwenye tovuti ya AAMC ya waandishi wa barua. Wewe huruhusiwi kuipakia, wala huioni. Unaona hali tu, kama imefika au bado.

Kila nafasi ina namba yake na hubeba barua moja. Kama unaomba pia mwaka wa kwanza wa tiba ya ndani, na mwandishi yuko tayari kuandika matoleo mawili, moja la radiolojia na moja la tiba ya ndani, fungua nafasi mbili na uzipe majina yanayotofautisha waziwazi. Fomu zikichanganyika, barua inayosema “atakuwa bingwa mzuri wa radiolojia” itakwenda kwa watu wa tiba ya ndani. Si balaa, kwani wanajua waombaji wao wengi wa mwaka mmoja wanaelekea kwingine, lakini inaonesha kutokuwa makini.

Hatua ya 7: Kumbusha

Lenga barua zote ziwe ndani mwanzoni mwa Septemba. Waombaji huanza kutuma maombi mwanzoni mwa mwezi huo, na programu huanza kuyasoma kuelekea mwishoni mwake. Kumbusha wiki nne kabla ya tarehe uliyompa, kisha wiki mbili, kisha siku chache. Kila ujumbe uwe mfupi na uambatanishe fomu tena, kwa sababu ile ya kwanza imezama kwenye barua pepe zake. Ukiwa na taarifa mpya, kama makala kukubaliwa, iweke hapo. Ukumbusho unakuwa habari.

Hatua ya 8: Pangia programu barua zake

Barua kufika ERAS haimaanishi imefika kwenye programu. Lazima uipangie kila programu wewe mwenyewe. Hapa watu huteleza kila mwaka: barua nne zimo kwenye akaunti, programu hamsini zimeombwa, na kumi kati yake hazijapangiwa barua hata moja. Tengeneza jedwali, safu moja kwa kila programu, uweke alama unapomaliza.

Kama barua unayoitegemea bado haijafika, usijaze nafasi zote nne kwa barua za kawaida. Tuma maombi ukiwa na tatu, uache moja wazi. Huhitaji kusubiri barua ndipo utume maombi.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

Barua zote kutoka kwa watu wa radiolojia, hakuna hata moja ya wodini. Barua ya ndugu au rafiki wa familia ambaye ni daktari, iache kabisa. Barua ya miaka mitatu iliyopita isiyotaja radiolojia. Na barua ya nne iliyowekwa ili kujaza nafasi tu: tatu zenye nguvu na moja dhaifu, msomaji ataikumbuka ile dhaifu.

Mambo yakienda kombo

*Mwandishi amekaa kimya.* Baada ya ujumbe wa pili bila jibu, mpigie katibu wake au pita ofisini. Wiki tatu kabla ya tarehe yako ya mwisho, ukiwa bado huna dalili, mwombe mwandishi wa akiba. Kwa hiyo uwe na wa akiba tangu mwanzo.

*Amekwambia uandike mwenyewe, yeye atie saini.* Hutokea, na hukuweka pabaya: umeachia haki ya kuisoma barua, halafu umeiandika. Mjibu kwamba utamwandalia muhtasari wa matukio kwa vipengele ili aandike kwa maneno yake. Wengi hukubali, kwa sababu shida yao ni muda. Asipokubali, nenda kwa mwandishi wa akiba.

*Chuo chako hakina idara ya radiolojia.* Omba mzunguko wa ugeni kwenye hospitali yenye programu, mapema iwezekanavyo, uwe umeisha kabla ya Agosti. Mwezi mmoja unatosha kupata barua moja nzuri ukifuata Hatua ya 2.

*Umepata nafasi ya kutazama tu, bila kugusa wagonjwa.* Barua bado inawezekana. Kusoma picha peke yako kisha kulinganisha, kuwasilisha kisa na kufuatilia majibu ya patholojia havihitaji kumgusa mgonjwa. Uliza kwanza taasisi inaruhusu uone nini. Mwandishi aeleze ukweli kwamba ulikuwa mtazamaji. Asiongeze chumvi.

*Ulihitimu miaka mingi iliyopita.* Barua za chuoni zimepoa. Tafuta za watu unaofanya nao kazi sasa, na ya zamani ibaki moja tu, kama ni ya mtu aliyeendelea kukufahamu.

*Mwandishi amehama hospitali.* Aandike kwa karatasi rasmi ya alipo sasa, na aeleze kwenye aya ya kwanza alikusimamia wapi na lini.

*Barua imepakiwa kwenye nafasi isiyo yake.* Usiipangie programu yoyote. Fungua nafasi mpya, mtumie mwandishi fomu mpya na maelezo ya mstari mmoja, na umwombe apakie upya. Barua tayari anayo, hivyo kwake ni kazi ya dakika chache.